Glavu Nyeupe na Picha ya Baba

Ukutani mwa chumba changu cha kazi, Bukoba mjini, kuna tangazo nililoliandika mwenyewe kwa kalamu nene: HAPA HATUPIGI LAMINESHENI. Nililiandika baada ya wiki nzima ya kuulizwa swali moja. Mtu anaingia, anazitazama picha ninazozichapa kwenye karatasi ya pamba, anazisogelea, anainamisha kichwa, kisha anasema, "Nzuri kweli, lakini mbona hazing'ai?" Namweleza kwamba hazikukusudiwa kung'aa, kwamba wino umeingia ndani ya karatasi badala ya kukaa juu kama mafuta, kwamba picha hii ikitunzwa vizuri wajukuu zake wataiona kama ilivyo leo. Anaitikia kwa adabu zote. Halafu: "Sasa laminesheni unapiga hapa hapa, au niipeleke stesheneri?"

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mama yangu husema nilichelewa kuzaliwa, na nilipotoka nilitoka nikigomba.

Na kusema kweli sababu ya watu naijua. Kwetu Kagera kitu cha thamani kinapigwa laminesheni. Cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, picha ya ndoa, vyote vinafungwa ndani ya nailoni ngumu, vinapitishwa kwenye mashine ya moto, basi, mwenyewe analala usingizi. Mvua yetu haipigi hodi, moshi wa jikoni unafika hadi sebuleni, na mende wa Bukoba wanapenda sana kusoma. Lakini karatasi ya pamba ukiipitisha kwenye moto ule, gundi inaingia mpaka kwenye nyuzi zake na haitoki tena. Ukibandua nailoni, unabandua na picha. Nimewaeleza watu hivyo mpaka sauti imekauka.

Kumbe mtu niliyepaswa kumweleza kabla ya wote alikuwa Izigo, nyumbani kwetu, anamenya ndizi.

Nianze na baba. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mtu wa kanisani, mpole kuliko mimi kwa mbali sana. Aliipenda kazi yangu bila kuielewa. Siku nilipomwonyesha picha niliyokuwa najivunia, mikono ya mwanamke anayechambua kahawa, aliitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia picha ni ya mikono tu. Akasema, "Pole yake."

Asubuhi moja nilikwenda Izigo na kamera, nikamwomba nimpige picha ya sanaa. Nilimweka karibu na dirisha, nikamsogelea mpaka uso wake ukajaa. Akanisimamisha kwa mkono. "Unanikata wapi?" Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera: kuanzia kidevu hadi paji la uso. Alinitazama kwa huruma. "Mtu asiye na miguu amesimama wapi, mwanangu?"

Akaingia chumbani, akakaa humo nusu saa nzima huku mimi nanung'unika kwamba mwanga unaondoka. Alipotoka alikuwa amevaa kanzu, koti lake la misa, na viatu vilivyopigwa rangi. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja kibanjani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa kando ya nyumba, akasimama kando ya mti wa kahawa alioupanda mwaka niliozaliwa. "Sasa piga," akasema. "Na viatu viingie."

Nilipiga nikiwa nimenuna. Picha kumi za kwanza amekakamaa kana kwamba yuko mbele ya askofu. Kisha mama akaja nyuma yangu na beseni lake la ndizi, akamwambia, "We mzee, vuta tumbo ndani." Baba akaangua kicheko. Nikabonyeza.

Hiyo ndiyo picha. Hanitazami mimi. Anamtazama mama, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika tawi la kahawa asije akaanguka kwa kucheka, majani ya migomba juu ya kichwa chake, na chini kabisa viatu, vyote viwili.

Miezi michache baadaye baba akaugua, na hakuugua muda mrefu. Siku ya mazishi, picha iliyotangulia mbele ya jeneza ilikuwa ya kitambulisho, imekuzwa mpaka ikawa vidoadoa, baba kakunja uso kama anayesubiri sindano. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Mimi mwanawe, mpiga picha, nilikuwa na picha yake ya kweli ndani ya kompyuta, na sikuichapa kwa wakati kwa sababu nilitaka iwe kamilifu. Watu walikwenda kumuaga mmoja mmoja, wakaweka mikono juu ya jeneza. Mimi nilikuwa nawakaripia waliopanga viti. Sikulia siku ile.

Niliichapa baadaye, kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Siku tatu nilikuwa nachapa vipande vya majaribio. Koti lilitoka jeusi, likatoka jekundu, mwisho nikaona limekaa. Niliichapa kubwa, saizi ya A2, ukingo mweupe pande zote, sahihi yangu kwa penseli pembeni. Nikailaza kwenye boksi maalumu la kutunzia picha, nikaweka vipakiti vya kunyonya unyevu, nikaipeleka Izigo nikiwa nimeibeba kwa mikono miwili njia nzima.

Mama alinawa mikono, akaikausha kwa kanga, akaunyoosha mkono wake.

"Hapana, mama! Usiiguse!"

Nikatoa glavu zangu nyeupe za pamba, nikazivaa, nikaiinua picha mimi mwenyewe ili aione. Kisha nikampa masharti. Isiguswe kwa mkono mtupu, mafuta ya ngozi yanaacha alama. Isitundikwe penye jua. Isikae karibu na moshi. Ikae bokisini, itolewe siku maalumu. Nikamwachia na jozi moja ya glavu. Mama alinisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani. "Haya, mwanangu," akasema. "Nimesikia." Nikarudi mjini nikiona nimetenda jambo la maana sana.

Sasa, mimi huwafundisha watu namna ya kutunza picha zao. Nakala tatu, nawaambia, sehemu tatu tofauti, kwa sababu vifaa hivi vya kompyuta vinakufa kama kuku. Mganga hajigangi. Faili ya picha ya baba ilikuwa kwenye diski moja tu na kwenye kadi ya kamera. Kadi nilikwenda nayo kwenye harusi Kemondo, ikajaa wakati maharusi wanakata keki, nikaifuta nikijisemea diski ipo. Hata kwenye simu sikuwa nimemtumia mtu, kwa maringo: picha ya sanaa haitumwi WhatsApp! Basi asubuhi moja diski ikaanza kutoa mlio, tik, tik, tik, ikanyamaza. Fundi wa kompyuta aliifungua, akaitazama, akaniuliza kwa upole kama mle ndani kulikuwa na kitu muhimu.

Sikumwambia mtu. Nilijituliza kwamba picha yenyewe ipo Izigo, bokisini, salama. Nitaichukua, niipige picha upya kwa uangalifu, nipate faili nyingine, mambo yaishe bila mama kujua. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba njiani nilisimama kununua mkate.

Mama alinipokea kwa furaha kubwa. "Njoo uone nilivyomtunza baba yako," akasema, akanivuta mkono hadi sebuleni. Baba alikuwa ukutani juu ya kabati la vyombo, anang'aa kama sahani.

Laminesheni.

Nilisogea. Karibu na bega palikuwa na viputo viwili vya hewa. Rangi zilikuwa zimezama na kuwa nzito, kama nguo iliyoloa. Na picha ilikuwa imepungua. Mashine ya stesheneri haichukui karatasi kubwa kama ile, kwa hiyo walikuwa wameikata. Ukingo mweupe haupo, sahihi yangu haipo, na majani yote ya migomba juu ya kichwa cha baba hayapo.

"Nilikwenda Muleba mjini kabisa," mama alikuwa anasimulia nyuma yangu, sauti imejaa fahari. "Yule binti wa mashine alitaka kukata huku chini. Nikamwambia thubutu! Miguu ya mume wangu haikatwi. Kata majani, migomba tunayo."

Ningekuwa na akili ningecheka. Nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Picha pekee iliyobaki duniani, na imefanywa kitambulisho! Nikageuka.

"Mama," nikasema, "baba alikufa mara moja kwa ugonjwa. Mara ya pili umemuua wewe."

Nilisema hivyo. Naliandika neno lenyewe lilivyokuwa kwa sababu sitaki kujipunguzia.

Mama alikaza kanga yake kiunoni. Alikwenda jikoni. Baadaye aliniletea ndizi na maharage, akaweka mezani, akaninawisha mikono kama mgeni, akarudi alikotoka. Sikula. Niliacha mkate wangu pembeni ya sahani nikaondoka.

Wiki mbili hatukupigiana simu, sisi ambao huongea kila jioni hata kama hakuna la kusema. Mara kadhaa nililishika jina lake kwenye simu nikaliacha. Kisha akapiga baba mdogo, ambaye kibanja chake kinapakana na chetu.

"Ulimwambia nini mama yako?"

"Kwa nini, baba?"

"Ameishusha picha ya kaka. Nimemuuliza iko wapi, anasema imeharibika, fundi mwenyewe kasema. Sasa kila nikipita namkuta amekaa sebuleni anatazama msumari."

Nakiri nilichokifikiria kwanza: asije akaichoma, maana ikiungua baba harudi tena. Ndipo nikajishtukia. Nilikuwa nimeiwaza picha kabla ya kumuwaza mama. Msumari ule haukunitoka kichwani, na asubuhi yake nilikuwa barabarani.

Nilimkuta uani anageuza kahawa ya maganda iliyoanikwa kwenye mkeka. Nilipiga magoti kumsalimu, magoti ya kweli, udongoni, si kule kuinama kidogo kwa sisi watu wa mjini. Akaitikia bila kuinua macho.

"Mama, nisamehe. Nilisema neno baya."

"Ulisema," akajibu. "Lakini si hilo lililoniuma."

"Lipi basi?"

Aliendelea kuzitandaza punje kwa viganja, taratibu, kana kwamba nimemuuliza habari za mvua.

"Uliniletea mume wangu kwenye boksi," akasema. "Ukavaa glavu kama daktari. Ukaniambia nisimguse." Akaokota jani kavu kwenye punje. "Nimelala naye miaka yote ile. Nimemuuguza. Mpaka siku ya mwisho nimemwosha kwa mikono hii. Mume wangu, nisimguse?"

Nilikuwa bado nimepiga magoti, na ilikuwa bora hivyo.

"Glavu zako nilizijaribu," akaendelea. "Asubuhi nikimaliza sala nilizivaa, nikamtoa, nikamshika. Sikumsikia. Nikasema hapana, lazima ipo njia ya kumgusa na yeye asiharibike, maana ulisema mafuta ya mikono ndiyo mabaya. Nikafikiri sana. Ndipo nikaenda Muleba."

Kumbe alikuwa ananitii! Mwanamke yule aliinuka na picha yake, akasafiri nayo, akamsimamia binti wa watu kwenye mashine, akamtetea mumewe viatu, yote hayo ili ashike sharti langu. Na mimi nikamwita muuaji. Nikaona sina haki ya kumficha lililobaki.

"Mama, kuna jambo jingine. Ile faili, yaani ile mbegu ambayo picha inachapwa kutoka kwake, sina. Niliipoteza mimi, kwa uzembe. Siku ile nilikuja kuchukua hii yako ili niokoe. Ndiyo maana nilikasirika."

Mkono wake ukasimama juu ya kahawa. Sasa alinitazama.

"Hebu subiri. Mimi nimemfunga nailoni, lakini yupo."

"Ndiyo, mama."

"Wewe umempoteza kabisa."

"Ndiyo."

"Halafu muuaji ni mimi?"

"Hapana, mama."

"Mawe!" akasema, ile "mama wee" yetu ya Kihaya, akajipiga paja, na kicheko kikamtoka, kicheko kirefu kilichomfanya ajifute macho kwa ncha ya kanga. "Muuaji ulikuja naye mwenyewe kutoka Bukoba, tena amebeba mkate!"

Nilicheka nikiwa nimeinamisha uso. Aliponinyanyua kutoka chini nilijua nimesamehewa, ingawa hakulitamka neno lenyewe. Akaingia ndani, akarudi na picha ameiviringishia kitenge. Alikuwa ameificha chini kabisa ya sanduku lake, haikuwa imeharibika zaidi. Nilipoiinamisha kwenye mwanga niliona doa kwenye nailoni, mahali ambapo mng'aro umefifia, palepale baba aliposhika tawi la kahawa. Alama ya kidole gumba. Kila asubuhi alikuwa anaweka kidole hapo.

"Inaweza kupona?" akauliza.

"Sijui," nikamwambia. "Hii yenyewe haiponi, nailoni haitoki. Lakini naweza kujaribu kupata mbegu nyingine kutoka kwake. Twende wote mjini."

Alikubali mara moja. Kwenye mfuko wake alitia nguo moja ya kubadili, rozari, na gao la kahawa ya maganda aliyoizoa mkekani. Sikumuuliza ya nini. Nilidhani ni ya kutafuna njiani, kama tulivyozoea kwetu.

Mama hakuwahi kukaa ndani ya chumba changu nikiwa kazini. Alipoingia alisimama mbele ya tangazo, akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi.

"Hili umeniandikia mimi?"

"Hapana, mama. Ni la zamani."

"Hata hivyo limenikuta," akasema, akavuta kiti.

Kazi yenyewe ilinitoa jasho. Nailoni ni kioo: inaonyesha dirisha, inaonyesha taa, inakuonyesha na wewe mwenyewe. Nilifunga pazia, nikaweka taa mbili za pembeni, nikapiga. Kwenye kompyuta baba akatokea na uso wangu ukielea katikati ya kifua chake. Mama akaukagua. "Mmefanana, lakini siyo kiasi hicho." Nikasogeza taa, nikapiga tena, nikatokea tena. Nilikuwa nimeanza kugomba na taa, tena kwa sauti, mama alipovua kitenge cheusi alichojitanda begani, kile alichokivaa siku zote za matanga.

"Cheusi kinameza," akasema. "Nizibe nacho wapi?"

Nikamwonyesha. Alisimama nyuma ya kamera, akakinyanyua kwa mikono miwili juu, akanifunika mimi na kamera pamoja, pakabaki tundu la lenzi tu. Nikiwa ndani ya giza lile lenye harufu ya moshi wa nyumbani, nikabonyeza. Tulipofungua, hapakuwa na dirisha, wala taa, wala mimi. Palikuwa na baba peke yake, anacheka.

Viputo vya begani nilivirekebisha kwenye kompyuta, nukta kwa nukta, mchana mzima. Majani ya migomba yaliyokatwa ningeweza kuyabuni. Nilianza, nikaona ni uongo, nikayafuta. Juu ya kichwa cha baba nikaacha karatasi nyeupe.

Lakini rangi zilinishinda. Nailoni ilikuwa imezibadilisha, na faili ya zamani ya kulinganishia sina. Nilichapa kipande cha kwanza cha majaribio. Mama akauliza, "Huyu nani?" Cha pili: "Baba yako hakuwa wa kijivu, hata alipokuwa anaugua." Cha tatu aliuangalia uso, akatikisa kichwa kukubali, kisha akagusa koti. "Uso sawa. Koti hapana."

"Lilikuwa la rangi gani hasa? Kahawia iliyokolea?"

Akafungua mfuko wake, akamwaga kahawa ya maganda mezani, kwenye meza yangu safi ambayo hata mimi siiwekei kikombe. Akazichambua kwa kidole, hii siyo, hii siyo, mpaka akapata punje moja kavu, akaisukuma mbele yangu. "Hili hapa. Nililipiga pasi mimi kila Jumapili."

Basi nikaiweka punje ile kando ya karatasi, chini ya mwanga wa dirisha, nikawa nachapa na kulinganisha. Ilichukua vipande saba. Kwenye cha saba mama alikichukua tu, akakishika pamoja na punje yake.

"Hata kwenye ile ya kwanza," akasema, "koti lilikuwa jekundu kidogo."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umevaa glavu."

Kabla ya kuchapa picha yenyewe nilifanya nililopaswa kufanya mwanzo. Faili moja nikaiweka kwenye diski mpya, ya pili nikaitia kwenye kadi ya kukaa kwa baba mdogo Izigo, ya tatu nikamtumia kaka yangu Mwanza. Ndiyo, kwa WhatsApp pia. Kisha nikapakia karatasi ya pamba kwenye printa.

Picha kubwa hutoka polepole, mstari kwa mstari. Ulianza ule weupe mtupu, zikafuata nywele, kisha paji la uso. Mama alikuwa ameinama mbele ya mashine, mikono kwenye magoti. Kicheko kikatoka. Koti likatoka, rangi ya punje.

"Viatu vipo?"

"Vinakuja, mama."

"Hii mashine isije ikachoka njiani."

Haikuchoka. Viatu vikatoka, kimoja, halafu cha pili, na mama akapiga kigelegele kilichomfanya jirani wa duka la vitambaa aje mlangoni kuuliza nani kaolewa.

Nilivaa glavu zangu, kwa mazoea, nikainyanyua picha kwa pembe mbili nikailaza mezani. Nilikuwa nimeshajiandaa la kusema. "Mguse, mama," nikamwambia. "Kila siku, kwa mkono wako, utakavyo. Ikichakaa nachapa nyingine. Ile ya nailoni itarudi kwenye msumari wake, na hii ni ya mikono."

Mama hakuigusa. Alinitazama mimi. Akaushika mkono wangu wa kulia, akaanza kuivua glavu, kidole kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akinivua soksi zilizoloa nikitoka shule. Akaiweka pembeni.

"Mimi nimemgusa sana," akasema. "Ambaye hajamgusa ni wewe. Siku ile wenzako wote walimwekea mkono. Wewe ulikuwa na viti."

Nilitaka kubisha.

Akauongoza mkono wangu mpaka juu ya picha, juu ya mkono wa baba ulioshika tawi. Karatasi ya pamba ina ukwaruzo mdogo, kama ngozi ya mtu anayelima. Nimeishika kwa miaka, na sikuwahi kuihisi. Mama akaweka kiganja chake juu ya changu, akakikandamiza. Hapo nikalia, kwa sauti, mchana kweupe, mlango wazi, jirani amesimama palepale.

"Haya," mama akasema, akinipigapiga mgongoni. "Sasa umefika msibani."